Siasa ya dukani: jua nani anakutoza, nani anaamua na wapi pa kuuliza

Leo siongelei bei za jumla wala jinsi ya kupanga bidhaa kwenye shelfu. Leo naongelea siasa. Najua kuna mtu ameshasema moyoni, "siasa tuwaachie wanasiasa, sisi tutafute hela." Nakuomba usome mpaka mwisho, maana ninachoongelea ni hela yako hiyo hiyo.

Mimi nina duka la rejareja Kibondo, na mzigo wangu mwingi nachukulia Kasulu. Niliishia kidato cha nne. Mambo ya kodi na halmashauri nimejifunza mwenyewe kwa kukaa kaunta, kusoma risiti, kuuliza wazee, na kusoma sheria kwenye simu usiku nikishafunga.

Msimamo wangu ni huu. Sisi wafanyabiashara wadogo wa Kibondo na Kasulu tunatumia nguvu nyingi kubishania rais na wabunge, lakini kwenye vikao vya kijiji, mtaa, kata na halmashauri hatuonekani. Matokeo yake tunaumia mara mbili. Yanayoamuliwa hapa hapa yanapita bila sisi kujua, na yanayoamuliwa juu yanatukuta hatujajipanga, kila mtu analia peke yake dukani kwake.

WABUNGE TUMEBADILISHA SANA

Watu wa huku Kigoma ya juu sio waoga kwenye sanduku la kura. Mwaka 2010, mimi nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, NCCR-Mageuzi ilichukua majimbo matatu ya huku kwa mpigo: Kasulu Mjini akaingia Moses Machali, Kasulu Vijijini akaingia Zaituni Buyogera, na Muhambwe, yaani hapa Kibondo, akaingia Felix Mkosamali. Mwaka 2015 majimbo yote matatu yakarudi CCM. Mwaka huo huo mtoto wa jirani zetu wa Buhigwe, Dk. Philip Mpango, akawa Waziri wa Fedha, na mwaka 2021 akawa Makamu wa Rais. Mwaka 2020 Kasulu Mjini wakampata Profesa Joyce Ndalichako, naye alikuwa waziri.

Kwa hiyo huwezi kusema hatujawahi kuwa na watu wa upinzani bungeni, wala huwezi kusema hatujawahi kuwa na watu wakubwa serikalini. Tumeonja vyote viwili.

Na sio kwamba hakuna kilichofanyika. Tuwe wakweli. Barabara ya kutoka Kabingo kupita Kibondo na Kasulu mpaka Manyovu, kama kilomita 260, ni mradi mkubwa uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Aliyewahi kusafiri na magunia ya maharage masika wakati ule wa tope anajua maana ya lami. Umeme nao, zamani Kibondo na Kasulu tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli, gridi ya taifa imetufikia 2022. Mwenye friji ya soda na mwenye mashine ya kusaga wanajua tofauti.

Lakini angalia hili. Lami ikishapita, nani anapanga stendi ikae wapi? Nani anagawa vizimba vya soko jipya? Nani anapanga ushuru wa kila siku wa mama anayeuza nyanya na dagaa? Sio mbunge, na rais hahusiki hapo. Hayo ni mambo ya halmashauri. Unaweza ukawa na mbunge mzuri kabisa na bado kizimba ukakikosa, kwa sababu siku ya kujadili utaratibu wa kugawa hukuwepo na hukujua kama kuna kikao.

NANI ANACHUKUA NINI

Wenzetu wengi ukiwauliza unalipa kodi gani, anasema "nalipa serikali." Serikali ipi? Hapo ndipo tunapopigwa, kwa sababu usipojua nani anakutoza, hujui wa kumuuliza.

Wa kwanza ni TRA. Hawa ni serikali kuu, wanachukua kodi ya mapato. Viwango vya mfanyabiashara mdogo vilivyowekwa mwaka 2019 viko hivi: mauzo ya mwaka yasiyozidi milioni 4, hulipi kodi hiyo. Kati ya milioni 4 na milioni 7, kama hutunzi kumbukumbu unalipa 100,000 kwa mwaka. Kama unatunza kumbukumbu unalipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Piga hesabu: umeuza milioni 6 kwa mwaka. Bila daftari ni 100,000. Ukiwa na daftari ni asilimia 3 ya milioni 2, yaani 60,000. Daftari limekuokolea 40,000, na daftari lenyewe halifiki elfu tano.

Wa pili ni halmashauri. Hawa ndio wenye ushuru wa soko na stendi, ushuru wa mazao na leseni zetu za biashara ndogo. Kasulu ziko mbili, Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya. Usije ukapeleka lalamiko la soko la mjini kwenye ofisi ya wilaya ukapoteza siku nzima.

Wa tatu amejificha kwenye LUKU. Ni kodi ya jengo. Zamani ilikuwa ya halmashauri. Kuanzia 2016 Bunge likaihamishia TRA, na 2021 ikaanza kukatwa kwenye umeme. Nyumba ya kawaida ilianza kwa 1,000 kwa mwezi, 2023 ikapanda kuwa 1,500. Sheria inasema ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni wewe uliyepanga fremu. Kwa mwaka ni 18,000. Siku ya kusaini mkataba mwambie mwenye nyumba mzipunguze kwenye pango. Ni haki yako na sio ugomvi.

Sasa tazama siasa iliyopo hapo. Serikali kuu inapobeba chanzo kama hicho, halmashauri inabakiwa na nini cha kukusanya? Inabaki na sokoni, stendi, magunia na leseni. Yaani inabaki na mimi na wewe. Kwa hiyo kijana wa ushuru anapokubana asubuhi hujauza hata kiberiti, kabla hujamtukana elewa kwamba naye anasukumwa na lengo la makusanyo alilopewa, na lengo hilo lilipitishwa kwenye bajeti iliyojadiliwa na madiwani. Diwani wako alikuwepo. Ulishawahi kumuuliza alisema nini?

MFANO WA MAGUNIA

Kwenye bajeti ya 2017/18 serikali ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5. Mazao ya biashara ikawa asilimia 3, mazao ya chakula asilimia 2. Tena ikasema anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe ushuru. Aliyesoma hotuba ile bungeni ni huyo huyo Dk. Mpango wa Buhigwe.

Tani moja ni gunia 10 za kilo mia. Wengi wetu tunaopeleka maharage, udaga au mahindi hatufiki huko, tunabeba gunia tatu, gunia tano. Sasa ni wangapi wanaijua hiyo? Ninaongea na akina mama na vijana wa magunia, wengi hawajawahi kuisikia. Mtu anafika kwenye geti, anaambiwa toa, anatoa, na wakati mwingine risiti hapewi. Hajui kama anachotoa ni halali au ni chai ya mtu.

Nazungumza hili sio kuwapaka matope watu wa getini, wapo waaminifu. Ninachosema ni kwamba sheria nzuri iliyopitishwa Dodoma haishuki yenyewe mpaka getini. Inashushwa na mwananchi anayeijua, anayesema kwa heshima, "Kaka, naomba unionyeshe kifungu na unipe risiti ya mashine." Na sheria za fedha zinabadilika kila mwezi wa saba, kwa hiyo kila Julai kagua tena kabla hujasafiri. Usiende na taarifa ya mwaka juzi.

MASOKO YA KAMBINI YALITUFUNDISHA NINI

Hapa naomba tutulie, maana hili limetugusa wengi.

Nyarugusu iko wilaya ya Kasulu tangu 1996, Wakongo walipokimbia vita. Nduta, karibu na mji wetu wa Kibondo, ilifunguliwa tena Oktoba 2015 baada ya machafuko ya Burundi. Maelfu kwa maelfu ya watu wakaja. Kuna ubaya wake, kuni zilikatwa, hofu ya uhalifu iliongezeka, na mimi siwezi kumbeza mwananchi anayelalamikia hayo. Lakini kibiashara kulikuwa na masoko ya pamoja. Mkimbizi anauza sehemu ya mgao wake, mwenyeji anauza mboga, ndizi, sabuni, vitenge. Vijana wengi walipata mtaji pale. Bodaboda walikula pale.

Kisha likaja agizo baada ya agizo. Mwaka 2017 serikali ilisimamisha mpango wa Shirika la Chakula Duniani wa kuwapa wakimbizi wa Nyarugusu pesa taslimu badala ya chakula. Pesa ile ilikuwa inazunguka mpaka kwenye maduka ya wenyeji. Mapema 2018 Tanzania ikajitoa kwenye mpango wa kimataifa uliokuwa unataka wakimbizi na wenyeji wafaidike pamoja. Na kuanzia mwaka huo masoko ya pamoja na biashara za kambini zikaanza kufungwa au kubanwa.

Serikali ina wajibu wa kuangalia usalama wa mpaka, na wakimbizi kurudi kwao kwa hiari pakitulia ni jambo jema. Sibishani na hilo. Swali langu ni jingine. Kwenye meza iliyoamua, nani alikuwa anaongea kwa niaba ya muuza vitenge wa Makere? Nani alikuwa na karatasi inayoonyesha Kasulu na Kibondo zinaingiza kiasi gani kwa biashara ile, na wenyeji wangapi watapoteza ajira? Na kama lazima soko lifungwe, nani aliomba angalau miezi mitatu watu wauze mizigo waliyokopea?

Mambo ya wakimbizi yanaamuliwa Dodoma na Wizara ya Mambo ya Ndani. Diwani hana saini pale. Lakini diwani, mwenyekiti wa halmashauri na mbunge wangekuwa na sauti kama sisi tungekuwa na umoja, namba na maandishi. Kiongozi asiye na namba mkononi atasema "wananchi wangu wanaumia", na ataambiwa tumekusikia, keti.

Uamuzi mwingine wa namna hii unaweza kuja. Unaweza kuwa wa kambi, wa soko la mpakani kama Mabamba, wa stendi au wa kuhamisha machinga kama ilivyofanyika mijini 2021. Tusisubiri siku hiyo ndio tuanze kutafutana.

ALIYECHAGULIWA NA ALIYETEULIWA

Kuna jambo linachanganya watu. Diwani unamchagua wewe. Mwenyekiti wa kijiji au mtaa unamchagua wewe. Lakini mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais, na mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais. Mkurugenzi ndiye anashika kazi za kila siku, watumishi na fedha. Kwa hiyo tuna baraza tulilolichagua sisi, na mtendaji mkuu ambaye mwajiri wake yuko juu.

Maoni yangu, na hapa unaweza kunipinga: mkurugenzi angepaswa kuwajibika kwa baraza la madiwani kwanza. Mtu anamsikiliza anayeweza kumwondoa. Leo baraza likilalamika, mkurugenzi anaangalia juu. Rais akihutubia tu, ofisi zinakesha.

Wazee wetu wanaijua hii vizuri kuliko sisi. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, kazi zikapelekwa kwa maofisa wa serikali kuu, wakauita mpango huo Madaraka Mikoani. Mwaka huo huo Operesheni Kigoma ikahamishia watu wa huku kwenye vijiji vya pamoja. Waulize wazee wa Heru Juu au Kifura kama waliulizwa wapi pa kujenga. Halmashauri zikarudishwa kwa sheria za 1982, zikaanza kazi 1984. Katiba yetu, ibara ya 145 na 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Maandishi tunayo. Kazi iliyobaki ni kuyatumia.

"UKIULIZA UTAITWA MPINZANI"

Hili nalisikia kila nikilianzisha. "We endelea, kesho watakuja kukukagua leseni." Sio maneno ya kupuuza. Mtu ana fremu moja na watoto watatu, akifungiwa wiki moja ameisha. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu ajitoe mhanga peke yake.

Ila tuangalie hali ilivyo. Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti wa vijiji na mitaa nchi nzima, na vyama vya upinzani vililalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa. Mimi hapa sipigii chama debe, dukani kwangu wananunua wa rangi zote. Lakini chama kimoja kikishika karibu viti vyote, swali gumu litaulizwa na nani ndani ya kikao? Haiwezekani watu wa chama kimoja wabanane sana mbele ya watu. Anayebaki kuuliza ni mwananchi kwenye mkutano wake. Kuuliza bei ya kizimba sio upinzani, ni sawa na wewe kumuuliza muuzaji wa jumla kwa nini katoni imepanda.

Chukua mfano wa asilimia 10. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yale yasiyofungwa kwa kazi maalumu, kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hiyo baada ya kubainika vikundi hewa na madeni yasiyorudi. Ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi hewa vilipataje nafasi? Vilipata kwa sababu majina yalipita na hakuna aliyesimama kusema kikundi hiki hakipo mtaani kwetu. Fungu hilo linatokana na ushuru unaolipa wewe kila asubuhi. Halmashauri ikikusanya bilioni 1 ya aina hiyo, milioni 100 ni ya mikopo. Una haki ya kujua imeenda kwa nani.

CHA KUFANYA, BILA KUGOMBANA NA MTU

1. Tunza risiti zote za ushuru, leseni na TRA kwenye bahasha moja, kwa mwezi. Mwisho wa mwezi jumlisha. Ukisema "ushuru umezidi" bila jumla, hakuna atakayekusikiliza.

2. Asiyetoa risiti usimpe. Mwambie kwa upole tu kwamba unahitaji kwa ajili ya daftari lako.

3. Jua tarehe ya mkutano mkuu wa kijiji au mtaa wako. Kijijini unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na mkazi yeyote wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Kama haujaitishwa, muulize mwenyekiti kwa nini. Shikamoo kwanza, swali baadaye.

4. Nenda baraza la madiwani angalau mara moja kwa mwaka. Ni kikao cha wazi na linakaa kila baada ya miezi mitatu. Hutaruhusiwa kuongea, utasikiliza tu. Lakini utaona diwani wako anaongea au anasinzia.

5. Sheria ndogo ikitaka kutungwa, halmashauri inatakiwa itangaze ili watu watoe maoni kabla haijaenda kwa waziri. Tangazo linabandikwa ofisini. Pangeni zamu, kila wiki mmoja wenu apite kusoma ubao.

6. Msiende mmoja mmoja. Watu kumi wa mtaa mmoja wa maduka, barua moja, sahihi kumi, nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Mtu mmoja ni rahisi kumkagua leseni. Kumi wenye leseni zao mkononi ni ngumu. Na kwa hiyo hakikisha leseni yako iko hai kabla hujasaini.

Hizi sio kazi za msomi. Ni kazi za mtu anayeweza kuhesabu chenji, na sisi sote tunaweza. Kura ya mbunge tunapiga mara moja kila miaka mitano. Ushuru tunalipa kesho asubuhi. Kama hujui mkutano wa mtaa wako ni lini, anza na hilo wiki hii. Ukipata tarehe waambie majirani zako wawili wa fremu za kulia na kushoto, mfunge maduka kwa zamu, mmoja alinde na wawili waende.

Biashara njema.